Kabla ya kisu kulikuwa na neno: Kufuru, kashfa na riwaya ya Mahfouz

Methali zetu hazikubaliani kuhusu nguvu za maneno. Moja yasema maneno makali hayavunji mfupa. Nyingine yatwambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ya kwanza humliwaza aliyetukanwa, ya pili humwonya anayetaka kutukana. Wanafunzi wangu hupenda kuniuliza ipi kati ya hizo mbili ni ya kweli, nami huwajibu kuwa inategemea ni nani aliyeyasikia hayo maneno na ameshika nini mkononi.

Swali hilo hurudi kila panapozuka zogo kati ya kalamu na dini. Aghalabu mjadala huanza na kuishia kwa Salman Rushdie. Riwaya yake, The Satanic Verses, ilitoka mwaka wa 1988. Fatwa ya Ayatollah Khomeini ya kutaka auawe ikafuata tarehe 14 Februari 1989. Miaka 33 baadaye, tarehe 12 Agosti 2022, Rushdie alidungwa kisu mara kadhaa jukwaani huko Chautauqua, jimbo la New York, akapoteza jicho la kulia. Aliyemshambulia aliliambia gazeti moja la huko kuwa alikuwa amesoma kama kurasa mbili hivi za kitabu hicho. Kurasa mbili!

Hata hivyo, kisa cha Rushdie kina moshi mwingi. Kuna Iran na Uingereza, kuna Mashariki na Magharibi, na kila upande una siasa zake za kuchochea moto. Moshi huo hutuzuia kuiona kazi ya fasihi yenyewe. Ndiposa leo nataka tukitazame kisa kingine, cha Mwafrika mwenzetu, Mwislamu aliyeandika kwa Kiarabu akiwa papo hapo kwao Cairo.

Naguib Mahfouz alizaliwa mwaka wa 1911. Mwaka wa 1988 alishinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akiwa mwandishi wa kwanza wa lugha ya Kiarabu kuipata. Tarehe 14 Oktoba 1994, akiwa na umri wa miaka 82, alikuwa ndani ya gari la rafiki yake karibu na nyumba yake mtaani Agouza, tayari kwenda kwenye kikao chake cha kila wiki na wasomi wenzake. Kijana mmoja alimkaribia. Mzee alidhani ni msomaji aliyekuja kumsalimu. Kijana akamdunga kisu shingoni.

Mahfouz aliponea chupuchupu, lakini neva za mkono wake wa kulia, mkono wa kuandikia, ziliharibika. Kosa lake lilikuwa riwaya aliyoichapisha miaka 35 kabla ya siku hiyo, Awlad Haratina, yaani Watoto wa Mtaa Wetu. Aliyemdunga alikiri kuwa hajawahi kuisoma.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema kuwa ujinga ndio ulioshika kisu, kwamba watu wangesoma vitabu wasingewaua waandishi. Nasikia kauli hiyo mara nyingi kwenye makongamano, na hupigiwa makofi. Mimi naiona ni nusu ya ukweli. Kijana hakusoma, sawa, lakini walikuwapo waliosoma, tena wakasoma vizuri. Hao ndio waliompa neno la kulibeba hadi mtaani Agouza. Nami naamini neno hilo ndilo linalopaswa kutushughulisha sisi wenye kazi ya kusoma, kufundisha na kuhakiki.

Kufunika na kufunua

Hebu tuanze na msamiati. Katika vyombo vyetu vya habari, kufuru, kashfa, matusi na dhihaka hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Mwandishi wa riwaya akizua mgogoro na waumini, asubuhi ataambiwa amekashifu dini, adhuhuri ametusi dini, na jioni amekufuru. Mtangazaji hana habari kuwa amemshtaki mtu huyo kwa makosa matatu tofauti kwa siku moja.

Kufuru imetokana na mzizi wa Kiarabu k-f-r, ambao maana yake ya awali ni kufunika. Anayekufuru anaifunika kweli aliyoijua au neema aliyopewa. Mzizi huohuo ndio uliotuzalia kafiri, na pia kafara, kile kinachotolewa ili kuifunika dhambi. Katika mazungumzo ya kila siku Waswahili wamelilegeza neno hili. Utasikia mtu akisimulia kuwa harusi ya fulani ilikuwa ya kufuru, yaani pesa zilimwagwa pasi na kiasi, na hakuna anayekusudia kuwa maharusi wametoka kwenye dini.

Kashifu, kwa upande mwingine, imetokana na k-sh-f, kufunua. Anayemkashifu mwenzake humvua, huanika siri yake hadharani ili aaibike. Kwa hiyo, kwa asili, anayekufuru hufunika ilhali anayekashifu hufunua. Kutusi ni jambo jingine tena. Kunahitaji tu neno chafu na mtu wa kurushiwa. Dhihaka ni mzaha wenye kuumiza. Nayo tashtiti ni dhihaka iliyotiwa sanaa, inayocheka kwa nia ya kurekebisha.

Mtu ataniambia huo ni uchambuzi wa kamusi tu. La. Kila neno hapo lina baraza lake. Kufuru ni jambo kati ya mja na Mola wake. Kashfa na matusi ni ugomvi wa mtu na mtu, na mahakama za kuusikiliza zipo. Tashtiti si kosa hata kidogo, ni mbinu ya fasihi, na baraza lake ni la wasomaji na wahakiki. Msomi anapoichukua tashtiti au istiara na kuipachika jina la kufuru, amemhamisha mwandishi kutoka baraza moja hadi jingine. Na katika zama zetu kuna watu wanaoamini kuwa wao ndio askari wa baraza hilo la pili.

Mtaa wa Jabalawi

Sasa tufungue kitabu chenyewe. Riwaya hii ni istiara, yaani hadithi ambayo chini yake inapita hadithi nyingine. Mzee Jabalawi amejenga jumba kubwa ukingoni mwa jangwa, amejifungia ndani yake na haonekani. Nje ya kuta za jumba kuna mtaa wa wajukuu na vitukuu vyake. Mali ya wakfu aliyowaachia imenyakuliwa na msimamizi, na msimamizi huyo analindwa na mabaunsa wenye virungu. Watu ni maskini, wanapigwa, wanavuta bangi na kusimulia ngano za babu yao. Katika kila kizazi anazuka mtu mmoja anayewakomboa. Anapokufa, watu husahau, na wenye virungu hurudi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati kuliko msomaji wa Kiingereza, kwa sababu majina haya yanamfungukia bila mkalimani. Adham na Idris wanatukumbusha Adamu na Iblisi. Gabal ni mlima, neno lilelile lililotupa jabali, naye anafuata nyayo za Musa. Katika jina Rifaa mna wazo la kuinuliwa, na maisha yake yanafanana na ya Isa. Qassem anatukumbusha kuwa Mtume Muhammad aliitwa pia Abul Qasim. Wa mwisho ni Arafa, mganga mwenye dawa na milipuko. Jina lake limetoka katika mzizi uliotupa arifu, taarifa na maarifa. Yeye ndiye sayansi. Riwaya ina sura 114, idadi sawa na ya sura za Kurani. Mahfouz hakuwa akijificha.

Arafa analivunja jumba usiku ili akasome kitabu cha siri cha babu. Katika purukushani anamuua mtumishi, na mzee Jabalawi, kwa mshtuko, anafariki. Hapa ndipo wengi walipofunga kitabu na kupiga kelele kuwa mwandishi ametangaza kifo cha Mungu.

Lakini hadithi haijaisha. Baadaye mtumishi wa kike wa jumba lile anamjia Arafa na ujumbe kuwa Jabalawi alikufa akiwa radhi naye. Arafa, ambaye kufikia wakati huo ameifanya elimu yake kuwa silaha ya msimamizi dhalimu, anatubu na kujaribu kutoroka. Anakamatwa na kuuawa kikatili. Kinachobaki ni tetesi kuwa daftari lake limeokolewa, na kwamba vijana wa mtaa wanatoweka mmoja mmoja kwenda kujifunza yaliyomo. Je, hiyo ni hadithi ya sayansi kumshinda Mungu? Mimi naiona ni hadithi ya sayansi isiyo na ridhaa ya babu, na jinsi inavyoangukia mikononi mwa wenye virungu. Mahfouz mwenyewe alimweleza mtafsiri wake wa Kiingereza, Philip Stewart, kuwa Jabalawi si Mungu bali ni ile sura ya Mungu ambayo wanadamu wamejiundia.

Kama mhakiki, siwezi kuificha kasoro ya kazi hii. Istiara yake ni nzito mno. Ukishajua Gabal ni nani, unajua pia atakayofanya, na sehemu ya kati inakuwa kama hesabu ambayo jibu lake umeshaliona nyuma ya kitabu. Wahusika wa ile trilojia yake ya Cairo, iliyotoka mwaka wa 1956 na 1957, wana damu na jasho kuliko hawa. Na siwalaumu waumini walioumia. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kuyatamka majina ya mitume kwa dua ana haki ya kuchomwa moyo anapowaona wakitembea katika mtaa wa bangi na virungu. Kuchomwa moyo si ujinga. Ni ushahidi kuwa kuna kitu kinachothaminiwa, na mwandishi anayesema hajali hilo hajui anacheza na nini.

Safari ya neno

Riwaya ilichapishwa kwanza kama mfululizo katika gazeti la Al-Ahram, kuanzia Septemba hadi Desemba mwaka wa 1959. Masheikh wa Al-Azhar walilalamika. Mhariri wa gazeti, Mohamed Hassanein Heikal, alikataa kuukatiza mfululizo na akauchapisha hadi mwisho. Hata hivyo, ilikubaliwa kuwa kazi hiyo haitatoka kama kitabu nchini Misri bila idhini ya Al-Azhar. Ilipotoka kama kitabu mwaka wa 1967, ilitoka Beirut. Mahfouz aliiheshimu ahadi hiyo maisha yake yote. Hadi hapo tunaweza kulalamika juu ya udhibiti wa vitabu, na mimi nalalamika, lakini hakuna aliyeinua mkono dhidi ya mtu.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1989. Mahfouz alipinga fatwa dhidi ya Rushdie ingawa hakukipenda kitabu chake, akashikilia kuwa wito wa kumuua mwandishi unaudhuru Uislamu kuliko kitabu chochote. Naye Sheikh Omar Abdel-Rahman, kiongozi wa kiroho wa wanamgambo, akatamka kuwa Mahfouz angaliadhibiwa wakati ule kwa Awlad Haratina, Rushdie asingalithubutu. Hebu itazame sentensi hiyo kwa jicho la mwanasarufi. Haina amri ndani yake. Ni sentensi ya masharti, ya -ngali-, ya jambo lililopita na lisilowezekana tena. Lakini kuna aliyeisikia kama kazi iliyobakia kufanywa.

Kisa cha Farag Foda kinatuonyesha waziwazi zaidi. Foda alikuwa mwandishi wa Misri aliyetetea serikali isiyofungamana na dini. Januari 1992, katika Maonyesho ya Vitabu ya Cairo, alijadiliana hadharani na wanazuoni, miongoni mwao Sheikh Muhammad al-Ghazali. Maneno yalikuwa makali na hayakuvunja mfupa wa mtu. Baada ya hapo alitangazwa kuwa adui wa dini. Tarehe 8 Juni mwaka huohuo alipigwa risasi nje ya ofisi yake akafa. Imesimuliwa mara nyingi kuwa mmoja wa waliomuua, alipoulizwa kortini ni kitabu kipi cha Foda kilichomuudhi, alijibu kuwa hakusoma hata kimoja.

Katika kesi hiyo, mwaka wa 1993, al-Ghazali aliitwa kutoa ushahidi. Alieleza kuwa anayepinga hadharani sheria ya Mungu ni murtadi, yaani mtu aliyeitoka dini, anastahili kifo, na kuwa raia akitekeleza mwenyewe amevuka mipaka ya mamlaka lakini hana adhabu katika sheria hiyo. Al-Ghazali hakuwa mjinga. Alikuwa mwanazuoni mkubwa mwenye vitabu vingi. Alikuwa pia miongoni mwa walioipinga riwaya ya Mahfouz tangu mwanzo.

Mahfouz alipodungwa mwaka uliofuata, al-Ghazali alikwenda hospitalini kumjulia hali na akalilaani shambulio. Siamini kuwa alikwenda kwa unafiki. Ninachoona ni mwanazuoni aliyelitumia neno kwa maana ya kitabuni, akiwa na uhakika kuwa litabaki kitabuni. Lakini neno likishatoka kinywani mwa mtu anayeaminiwa huenda lenyewe. Haliendi na tanbihi zake, haliendi na masharti yake, wala haliendi na kile kitabu kilicholizua. Kijana wa Agouza hakupokea sura 114. Alipokea neno moja.

Si dini moja

Kumradhi kwa msomaji Mwislamu anayeona mifano yangu imeegemea upande mmoja. Ugonjwa huu hauna dini. Oktoba 1988, kabla hata ya fatwa ya Khomeini, Wakatoliki wenye siasa kali walilichoma jumba la sinema la Saint-Michel mjini Paris kwa sababu lilionyesha filamu ya The Last Temptation of Christ, na zaidi ya watu kumi wakajeruhiwa. Filamu hiyo ilitokana na riwaya ya Nikos Kazantzakis, ambayo Kanisa Katoliki lilikuwa limeiweka katika orodha ya vitabu haramu mwaka wa 1954.

Sisi nasi tuna kisa chetu, nacho ni cha kutia moyo. Machi 1970, Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, aliwahutubia wajumbe wa mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA). Aliwaambia wazi kuwa yeye si mtu wa kanisa, wala hata si Mkristo. Mzee mmoja aliinuka kwa hasira akitikisa bakora yake na kumkemea. Kisha akamuuliza swali: kama wewe si Mkristo, mbona unaitwa James?

Mzee yule alikuwa na hasira na alikuwa na fimbo. Hakuitumia fimbo. Alitumia hoja, tena hoja ya lugha, ya jina na maana yake. Hoja hiyo ilimfikia mlengwa, kwa maana mwandishi alikuja kuliacha jina la James. Muumini aliyeudhiwa alimjibu msemaji ukumbini mlemle, na mjadala ukazaa kitu ambacho leo tunakifundisha vyuoni.

Nia na mstari

Sheria zetu zinaonekana kuijua tofauti ninayoizungumzia, japo si kikamilifu. Kifungu cha 138 cha Kanuni za Adhabu bado kinamtia hatiani anayeandika au kutamka neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine, na kinatoa kifungo cha hadi mwaka mmoja. Sikipendi kifungu hicho kwa kuwa hisia hazina mizani, lakini angalau kinamtaka mshtaki athibitishe nia. Nia ya kazi ya fasihi haipatikani kwa kurasa mbili. Lazima ufike pale mtumishi wa jumba anapoleta ujumbe kwa Arafa.

Nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 33, inaulinda uhuru wa kujieleza na kutaja yasiyolindwa: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na kupigia debe uhasama. Tazama mstari ulipochorwa. Kwa Katiba yetu, aliyeandika riwaya ya kuudhi yuko ndani ya uwanja. Aliyesema mwandishi huyo anafaa kuuawa ndiye aliyetoka nje, hata akiwa na shahada tatu na kilemba au kola ya kasisi.

Kwa hiyo ombi langu si kwa vijana wenye visu, ambao hawasomi safu hii. Ni kwetu sisi walimu, wahubiri, wahariri na wahakiki, ambao watu hutuamini tunapowaambia kitabu kinasema nini. Tukiona kazi imekosea, tuseme imekosea, tutaje ukurasa, tuitetee dini yetu kwa ufasaha wote tulio nao. Tukiona ni tashtiti, tuiite tashtiti. Lakini hili neno kufuru, na ndugu yake murtadi, tusilitoe kama mtu anayetoa alama za mtihani. Tukumbuke kuna mtu nyuma ya darasa ambaye hatakisoma kitabu, na atatoka na hilo neno tu.

Mahfouz alifariki tarehe 30 Agosti 2006. Miaka yake ya mwisho, mkono wake ukijifunza upya kuandika, alitunga visa vifupi vya ndoto, vingine vya mistari michache tu. Watoto wa Mtaa Wetu hatimaye ilitoka Cairo kama kitabu mwaka huohuo, ikiwa na maelezo ya mwanafikra wa Kiislamu, Ahmad Kamal Abu al-Magd. Mahfouz mwenyewe ndiye aliyetaka kazi yake isomwe pamoja na maneno ya muumini huyo. Abu al-Magd aliisoma riwaya hadi mwisho, kisha akaandika.